Mrututu wa Bibi Tsiala

Kilo kumi za mrututu, mawe ya buluu
yenye makali ya vioo vilivyovunjika,
bibi alizinunua dukani kwa Elguja kila Mei,
kabla ukungu haujapanda kutoka mto Alazani
kuja kuyatia madoa majani ya mizabibu.

Mwaka ule nilikuwa na zoezi la Jumatatu:
tafuta asilimia ya maji katika mrututu.
Maji? Nilishika jiwe, kavu kama mfupa.
Nikalipangusa. Kitambaa hakikulowa.

Lakini fomula haimung'unyi maneno:
shaba moja, salfa moja, oksijeni nne,
kisha nukta, ile nukta inayoning'inia katikati ya mstari
kama mgeni anayesita mlangoni,
na nyuma yake maji, mara tano.

Nikajumlisha pembezoni mwa gazeti la jana.
Shaba, sitini na tatu na nusu.
Salfa, thelathini na mbili.
Oksijeni kumi na sita, mara nne
(hapa nilikosea, nikaandika hamsini na nne,
nikafuta mpaka gazeti likatoboka): sitini na nne.
Maji kumi na nane, mara tano, tisini.
Jumla gramu mia mbili arobaini na tisa na nusu,
moli moja,
umati usiohesabika hata ukipewa umri wa milima
nao unaenea kwenye kikombe cha chai.

Tisini gawanya kwa jumla ile, zidisha kwa mia:
thelathini na sita.

"Bibi," nikasema, "katika kilo zako kumi
kilo tatu na gramu mia sita ni maji."

Akanyamaza. Akavaa viatu.
"Miaka arobaini," akasema, "Elguja ananiuzia kisima."

Ngoja, nikamwomba, tuhakikishe kwanza.
Tukapima gramu ishirini na tano kwenye mizani ya jibini,
tukafungua madirisha yote, tukabandika kikaango
kwenye moto wa kubembeleza.
Buluu ilianza kukimbia pembeni,
ikapauka kama shati lililosahauliwa juani,
hata ukabaki unga mweupe.
Sahani niliyoiinamisha juu yake ilitoka jasho.
Tulipopima tena: kumi na sita.
Gramu tisa zimeondoka bila kuaga.

Kikaango kilihamia bandani siku ile ile.
Hakikukaanga yai tena.

Elguja alikuwa akihesabu misumari.
"Nirudishie pesa ya maji yangu," bibi akamwambia,
akamwaga ule unga juu ya kaunta.
Elguja hakucheka, wala hakuapa.
Alichovya kidole kwenye glasi yake,
akadondosha tone moja, moja tu,
na buluu ikarudi mbio
kama mtoto aliyesikia anaitwa kula.
"Gusa," akasema. Karatasi ilikuwa na joto.

Bibi aliitazama kwa muda mrefu.
Kisha akanigeukia mimi, si yeye:
"Mizabibu hainywi rangi. Shaba ni kiasi gani?"

Sitini na tatu na nusu gawanya kwa jumla ile ile.
Robo, na chembe juu yake.
Katika kilo kumi, kilo mbili na nusu.

"Basi mimi nanunua kilo mbili na nusu za shaba,"
akasema polepole, kama anayepanga vyombo kabatini,
"na hayo mengine ndiyo gari lake."
Akamlipa Elguja. Akaomba apunguziwe, kwa ajili ya lile tone.

Jumatatu nikapata tisa kwa kumi.
Hesabu sahihi, mwalimu aliandika kwa wino mwekundu,
alama ya asilimia iko wapi?

Nikamwonyesha bibi.
Akavaa viatu.